Nafasi tupu mbele ya jina la Mathilde

Saa kumi alfajiri, sauti ya kwanza nyumbani kwa akina Lukumani mjini Kasongo ni ya mchele. Mama Aicha ameketi kwenye kibao karibu na mlango wa nyuma, anapepeta. Shaa, shaa, kisha kimya kifupi anapookota kijiwe, halafu shaa tena. Hana haraka. Binti yake Safia, aliyelala chumba cha pili, hajawahi kununua saa ya kumwamsha.

Safia anajifunga kitenge, anavuta kiti, anafungua kompyuta. Bawaba ya kompyuta hiyo ilivunjika zamani, na sasa kifuniko kinashikiliwa na kipande cha mpira wa gurudumu la baiskeli. Saa hizi mtandao ni mwepesi, kwa sababu mji haujaamka na kuanza kutumiana picha.

Mama yake anamwekea kikombe pembeni.

"Unakunywa chai, ao unakunywa ile mashini?"

"Nakunywa, mama."

"Jana ulisema vile vile. Nikakuta chai imelala."

Kwenye kioo kuna majina themanini na matatu. Ni ya watu wa Kasongo na Kabambare wanaongoja kufanyiwa upasuaji wa macho, madaktari watakapofika mwisho wa wiki hii. Mbele ya kila jina kuna jina la mtu mwingine. Safia anashuka nayo kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza kama mtu anayesali. Akifika chini anarudi juu na kuanza upya.

Kompyuta inaweza kuhesabu peke yake. Safia analijua hilo, maana programu hiyo ameiandika yeye.

"Nimeshakosea mara moja," anasema bila kuinua macho.

*

Safia Lukumani ana miaka thelathini na mmoja. Babu zake waliuza chumvi na vitambaa hapa Kasongo. Baba yake, marehemu Nourdine, alikuwa na duka dogo karibu na msikiti. Yeye alipelekwa Kindu kusomea kompyuta, akasoma miaka miwili kati ya mitatu, kisha baba akaugua na karo ikakatika. Alirudi na kompyuta hiyo ya bawaba mbovu. Mengine alijifunza kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa, akinakili kwenye daftari yale aliyoogopa kuyasahau.

Kazi inayomlisha ni ndogo. Ana meza na mashine ya kuchapa pembeni ya soko. Ukurasa mmoja ni faranga mia tatu. Siku njema hupata faranga elfu kumi na tano, siku ya mvua hupata za mkate tu. Hajaolewa, na mama yake anadai ameacha kuuliza.

Tovuti ya wagonjwa wa macho ilianza na mvua. Muuguzi Christophe, mratibu wa orodha za wagonjwa kutoka vijijini, alifika mezani kwake siku moja akiwa na madaftari matatu ya shule, kurasa zimegandana.

"Dada Safia, nisaidie," alimwambia. "Nikitafuta mugonjwa, nafungua kaye ya kwanza. Nikitafuta mutu wa kumulinda, kaye ya pili. Nikitafuta pikipiki ya kumuleta, kaye ya tatu. Nikimaliza kutafuta, mugonjwa ameshachoka, amerudi kwake."

Hapa ni vizuri kumweleza msomaji "mtu wa kumlinda" ni nani. Katika nchi hii anaitwa garde-malade. Hospitali inatoa daktari, kitanda na sindano. Mengine yote ni ya garde-malade: kupika, kufua, kuchota maji, kumshika mgonjwa mkono usiku anapotaka kutoka nje, na kulala sakafuni kwenye mkeka kando ya kitanda. Mara nyingi ni binti, dada, shangazi au mke wa mtoto. Mtu akipelekwa hospitali, swali la kwanza la majirani ni nani anakwenda naye.

Safia aliyageuza madaftari matatu kuwa majedwali matatu. Katika la kwanza aliweka wagonjwa, kila mmoja na namba yake. Katika la pili aliweka garde-malade, na kando ya kila mmoja namba ya mgonjwa anayemlinda. La tatu lilikuwa la pikipiki, nalo likabeba namba zile zile.

Ukurasa unapofunguliwa, programu inaishika namba ya mgonjwa, inaifuata kwenye majedwali yote, inarudi na habari zake kwenye mstari mmoja: huyu ni nani, anatoka wapi, ni jicho gani, anakuja na nani, analetwa na nani. Amri ya kuunganisha majedwali namna hiyo, mafundi wa huku wanaiita jointure.

"Ni kama kuita watu wa nyumba moja wakae kwenye mukeka moja," Safia anaeleza. "Walikuwa wametawanyika, kila mutu kwenye kaye yake. Unawaita, wanakaa pamoja, unawaona."

Ilimchukua wiki sita. Alilipwa dola mia na ishirini, na nusu yake akanunua betri ya sola. Christophe alipobonyeza jina la kwanza na mstari mzima ukajitokeza, alicheka peke yake kama mtoto aliyepewa pipi, akabonyeza la pili, na la tatu, mpaka wateja wakaanza kunung'unika nyuma yake.

*

Mwezi wa pili mwaka jana, madaktari wa macho walitangaza watafika Kasongo siku ya ijumaa. Wangepasua siku tatu, kisha waondoke. Hakuna aliyejua wangerudi lini. Aliyekosa siku hizo tatu angeweza kungoja mwaka, au miwili, au asipate tena.

Jumatano asubuhi Safia alichapa orodha ya kuwakusanya wagonjwa. Waendesha pikipiki walikuja mmoja mmoja kuchukua karatasi zao. Wa mwisho alikuwa Musafiri, anayefanya njia ya Wamaza kule Kabambare. Ni mtu wa mizaha, na anapenda kuwaambia abiria wake kwamba breki zake ni maombi. Siku hiyo aliisoma karatasi, akaigeuza, akatazama nyuma palipokuwa peupe.

"Yaya Safia. Na yule koko wa Wamaza?"

Yaya, huku, ni dada mkubwa, na koko ni bibi.

"Koko gani?"

"Koko Mathilde. Anayekaa peke yake, chini ya kanisa. Karatasi yake niliileta miye, na mukono yangu hii. Kila nikipita ananiuliza siku ngapi zimebaki. Simuoni hapa."

Safia aliandika jina kwenye kompyuta. Ukurasa ukafunguka bila shida: Mathilde, Wamaza, miaka sabini na miwili au karibu, macho yote mawili, la kulia kwanza. Namba thelathini na nane. Akarudi kwenye orodha. Baada ya thelathini na saba ilikuja thelathini na tisa.

Akahesabu. Kwenye jedwali la wagonjwa walikuwa sitini na mmoja. Kwenye orodha aliyoigawa asubuhi ile, hamsini na wanne.

"Nilihesabu tena kwa kidole," anakumbuka. "Nikasema, watu saba wako wapi? Niliwaandika mwenyewe."

Ilimchukua robo saa kuona kosa, na Musafiri amesimama mlangoni, kofia ngumu mkononi, haondoki. Safia alikuwa ameandika jointure inayotaka jibu kutoka pande zote mbili. Namba ya mgonjwa ikionekana pia kwenye jedwali la garde-malade, mstari unatoka. Isipoonekana huko, programu inampita mgonjwa huyo kimya kimya. Haisemi kosa, haiwashi taa nyekundu, inaendelea na anayefuata.

Wagonjwa saba hawakuwa na garde-malade. Kwa sababu hiyo orodha haikuwataja hata kama wagonjwa.

Dawa yake ilikuwa kubadilisha neno moja. Kuna jointure ya pili, wanayoiita ya kushoto. Hiyo inamtoa kila aliyeandikwa upande wa kushoto, yaani kila mgonjwa, awe na mwenzake upande wa kulia au asiwe naye. Asipokuwa naye, jina lake linabaki, na mbele yake panabaki nafasi tupu. Safia aliijua tangu Kindu. Hakuitumia kwa sababu haikumpitia akilini kwamba nafasi hiyo ingeweza kuwa tupu.

"Wapi umesikia mutu wa kwetu anaenda hospitali peke yake?" anauliza. Kisha anajijibu polepole, "Wako. Hatukuwa tunawaona."

Alibadilisha lile neno, akachapa upya. Majina sitini na moja. Saba yalikuwa na nafasi tupu mbele yake.

*

Christophe alipoitwa alikuja mbio, akaketi juu ya ndoo. Alifurahi kuwaona saba wamerudi, kisha uso ukamshuka.

"Hospitali haipokei mugonjwa bila garde-malade. Si ubaya. Mutu amefungwa macho yote mbili, nani atamuongoza? Nani atamupikia?"

Walianza kupiga simu. Wawili kati ya wale saba walikuwa na watu wao, ila hawakuwa wameandikwa. Wakabaki watano, na ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Aliyezungumza kwanza ni Mama Aicha. Alikuwa amemletea binti yake chakula cha mchana, na alisimama pale akisikiliza, sahani imefunikwa kwa kitambaa mkononi.

"Andika jina langu," alisema.

"Wapi, mama?"

"Hapo penye tupu. Mbele ya mutu yeyote. Miye sijui kusoma, lakini kupika najua."

Saa moja haikupita, nafasi zikaanza kujaa. Marie-Louise, kiongozi wa kwaya ya parokia, alikuja mwenyewe, akaandikisha jina lake na la mwimbaji mwenzake, akaomba wapewe wagonjwa wanaopenda kuimba. Jirani mmoja, mke wa mshona nguo, alichukua mzee wa Lusangi ambaye wanawe wote wako kwenye mashimo ya dhahabu. Aliagiza mzee huyo aambiwe mapema kwamba yeye hawezi kuamka kabla ya sala ya alfajiri, lakini baada ya hapo ni wake siku nzima.

Ikabaki nafasi moja, namba thelathini na nane. Safia aliandika jina lake mwenyewe.

"Kosa lilikuwa langu," anasema. "Na Musafiri alikuwa bado amesimama mlangoni. Aliniuliza tu: unavaa viatu gani? Njia iko na matope."

*

Walifika Wamaza giza likiingia. Walikuwa wamevuka madaraja ya magogo kwa miguu, na mara mbili walisukuma pikipiki kwenye udongo mwekundu. Walimkuta bibi mmoja mwembamba ameketi kwenye kizingiti cha nyumba yake, amevaa kitenge cha kwendea kanisani, mfuko magotini.

"Nani huyo?"

"Miye Safia, koko. Natoka Kasongo. Nimekuja kukuchukua."

Bibi aligeuza uso kuifuata sauti. Macho yake yalikuwa na weupe kama maji ya mchele.

"Nilingoja juzi. Nilingoja jana. Leo nilisema, pengine nimezeeka sana. Pengine wanaona heri macho wapewe vijana."

Safia anasema njiani alikuwa amepanga maneno mazuri, na yote yalimtoka kichwani.

"Hapana, koko. Ni miye nilikosea."

"Ulikosea nini?"

"Nilifikiri kila mutu iko na mutu."

Musafiri alijifanya anatazama gurudumu. Kisha bibi akacheka, kicheko kidogo cha puani.

"Hata miye nilifikiri hivyo," alisema. Akasogea kwenye kizingiti, akapapasa pale pembeni yake. "Kaa kwanza. Umechoka."

Usiku huo, kabla ya kulala, alimsimulia Safia habari ya shamba lake la karanga. Alilima mwenyewe, akapanda mwenyewe kwa kupapasa. Siku ya kupalilia aliinama toka asubuhi hadi mchana. Jirani alipopita alipiga kelele: "Koko, unafanya nini?" Alikuwa amezing'oa karanga na kuyaacha majani. Aliyasema hayo akicheka, lakini mkono wake ulikuwa ukilichezea pindo la kitenge, ukilikunja na kulikunjua.

"Sitaki kuona vitu vikubwa," alimwambia Safia. "Nataka kujua hii ni karanga, hii ni majani. Basi."

Alhamisi walirudi watatu juu ya pikipiki moja, bibi katikati. Kila kwenye shimo alisema sala yake kwa Kibangubangu, na Musafiri akaitikia amina hata pale ambapo sala ilikuwa haijaisha.

*

Hospitalini Safia alipika wali, kwa sababu ndicho anachokijua. Siku ya pili bibi alisukuma sahani kidogo.

"Muchele ya Kasongo iko muzuri. Lakini mutu anakula muchele kila siku kama kuku?"

Safia akaenda kutafuta sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mama Aicha, aliyekuwa akimlinda mgonjwa wa kitanda cha jirani, alicheka mpaka akafuta machozi, na tangu hapo yeye na bibi wakawa wanabishana juu ya mapishi kutwa nzima, mmoja akiwa amefungwa jicho.

Jumapili asubuhi bandeji ilifunguliwa. Koko Mathilde alitazama ukuta. Alitazama mkono wake, akaugeuza. Akamtazama Safia kwa muda mrefu, tangu kilemba mpaka ndala.

"Kumbe uko kijana hivi! Kwa sauti yako nilizani uko mama ya watoto saba."

"Mwambie!" Mama Aicha alidakia kutoka kitanda cha pili. "Mwambie, koko, miye nimeshachoka!"

Chumba kizima kilicheka, hata waliokuwa bado wamefungwa macho na hawakujua kinachochekwa.

*

Sasa madaktari wanarudi, na orodha imefika watu themanini na watatu. Safia amebadilisha mengi. Ukurasa wake hautumii tena jointure ya zamani. Mahali penye nafasi tupu panatokea maneno mawili kwa herufi nene: "Atafutiwe mtu." Tena ameongeza jedwali la nne, la watu waliojitolea kulinda wagonjwa wasio na ndugu. Lilianza na majina matano ya mwaka jana. Leo lina kumi na tisa. Marie-Louise amewaleta wanakwaya saba, na bado anauliza kama kuna wagonjwa wanaopenda kuimba.

Kazi haijamtajirisha. Kompyuta ni ile ile, mpira ni ule ule. Ndoto yake ni kuandika programu itakayofanya kazi kwenye simu hata pasipo mtandao, ili wahudumu wa afya wa Wamaza na Lusangi waandike wagonjwa papo hapo, na simu itume yenyewe itakapofika penye mtandao. Anadhani itamchukua mwaka. Akiwa na betri ya pili, labda miezi minane.

Kunapambazuka. Kidole chake kimefika tena mwisho wa orodha, na hakuna palipo tupu. Anarudi juu kidogo, anasimama kwenye mstari mmoja, anaita: "Mama, njoo uone."

Mama Aicha anakuja na ungo kiunoni. Hasomi, kwa hiyo Safia anamsomea. Mgonjwa namba ishirini na sita, Laetitia, kijiji cha jirani na Wamaza, hana ndugu wa karibu. Garde-malade wake: Mathilde, wa Wamaza.

"Mathilde wetu?"

"Wetu."

Mama Aicha anaketi kando yake, mchele magotini. "Ataniletea maneno juu ya wali," anasema, na ni wazi anaingoja siku hiyo kwa hamu.

Nje pikipiki inazimwa. Musafiri amekuja kuchukua karatasi yake, na leo hakuja mikono mitupu. Anaweka mezani kifuko cha karanga, udongo mwekundu bado kwenye maganda. Kisha anatoa simu.

"Iko na sauti yake humu. Nilimurekodi jana. Alinikatalia kuondoka mpaka nimalize."

Anabonyeza. Kwanza wanasikika kuku, halafu Musafiri akisema "ongea, koko, inasikia," halafu sauti nyembamba, karibu mno na simu.

"Safia. Hizo karanga nilichagua miye, moja moja, na jicho yangu. Nakuja Kasongo na Laetitia, usiogope, mutu wake ni miye. Lakini kule hospitali itakuwa kazi, hatutaongea. Mwaka jana ulisema utakuja wakati wa mavuno, njia ikakatika, nilikusamehe. Sasa njia iko muzuri. Mwezi wa sita nitang'oa karanga. Uje na mama yako. Usije na karatasi, usije na mashini. Uje tu ukae pale kwenye kizingiti, nikuone tena."